Hataza za Rabinow kwenye kumbukumbu za kompyuta na kwenye magari: zinanizuia? Na rekoda yangu inasajilika?

Kibokoni_Sakiti

Salaam aleikum wadau. Nina maswali matatu yanayoshikana, naomba majibu yenye vipimo.

Kifaa ni rekoda ya mwendo ya tuktuk na matatu. Kila sekunde inachukua spidi, breki, swichi na volti ya betri. Kichwa (kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja) ni ATmega328P inayokula 3.3 V, kristali ya 16 MHz. Chipu ya kumbukumbu ni 24LC256, pembeni kuna modemu ya GSM, na vyote vinalishwa na kishusha volti kimoja. Rekodi moja ni baiti 16. Nazikusanya 40 kwenye ramu, zikitimia naziandika kwenye chipu kwa mkupuo.

Swali la 1: stata ikipigwa, rekodi za mwisho zinaharibika. Nyingine zinasomeka FF tupu, nyingine zina tarakimu zisizo na maana, na mara nyingine rekodi za nyuma zimeandikwa juu. Nimeweka kapasita ya 1000 µF mbele ya kishusha volti na ugonjwa ni ule ule.

Swali la 2: nikitafuta aliyewahi kupata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) kwenye kumbukumbu na kwenye magari pia, nimemkuta Jacob Rabinow wa Marekani. Ana ya diski za sumaku za kompyuta na ana ya klachi ya sumaku. Hataza za miaka ya karibuni bado zinamtaja. Nikianza kuuza, kuna wa kunidai?

Swali la 3: nimepata njia ya kutofautisha volti iliyoshuka kwa stata na ile iliyoshuka kwa sababu dereva amezima. Kwenye foleni ya feri Likoni gari linazimwa na kuwashwa mara kumi kabla ya kuvuka, na kila mara rekoda inadhani safari imekwisha. Kwa kifupi napima umbo la mshuko katika milisekunde za mwanzo. Mchoro kamili nitauweka hapa usiku. Inasajilika?

---

BintiHataza

Waaleikum salaam. Ndugu Kibokoni, mchoro usiuweke, na hiyo njia yako ikomee hapo ulipoifikisha. Sababu yake nitaieleza nikifika swali la tatu.

Rabinow ndiye mwepesi. Alikuwa mhandisi wa National Bureau of Standards, ofisi ya viwango ya serikali ya Marekani, na hadi anafariki mwaka 1999 alikuwa na hataza zaidi ya 200 za nchi ile. Mbili ulizozikuta ni hizi:

Namba 2,575,360, ya Novemba 1951, ni klachi. Kuna sahani mbili, kati yake mafuta yaliyochanganywa na unga laini wa chuma, na koili. Koili ikipata umeme, chembe za chuma zinajipanga kufuata sumaku, ule uji unakakamaa na sahani moja inaikokota nyingine. Umeme ukikatwa, uji unalegea. Nguvu ya kushika unaipandisha na kuishusha kwa mkondo wa koili tu.

Namba 2,690,913, ya Oktoba 1954, ni kumbukumbu. Diski za sumaku zimepangwa duara kama shanga za tasbihi, na kila diski imekatwa pengo. Zikitulia, mapengo yote yanalingana na kuacha njia. Vichwa vya kusomea vinapita kwenye njia hiyo hadi kwenye diski inayotakiwa, kisha diski hiyo peke yake inazungushwa na kusomwa.

Sheria ya Marekani wakati ule ilitoa miaka 17 tangu siku hataza ilipotolewa. Kwa hiyo klachi iliachiwa 1968 na diski 1971. Zote ni mali ya umma, jenga utakavyo. Hata ile ya Robert Dennard wa IBM, namba 3,387,286 ya Juni 1968, yenye seli ya ramu ya transista moja na kapasita moja, muda wake ulikwisha 1985. Ramu za simu zetu zote zimesimama juu ya wazo lile, na hakuna anayelipia wazo lenyewe. Kinacholipiwa ni maboresho yaliyofuata.

Mbona Rabinow bado anatajwa? Mkaguzi wa hataza mpya huorodhesha kazi za zamani alizolinganisha nazo. Mtu kutajwa kwenye orodha ile hakumpi umiliki wowote. Wengi huona jina kubwa kwenye ukurasa wa mbele wakadhani huyo ndiye mwenye mali.

Sasa namna ya kutafuta inayofaa. Usitafute kwa jina la mvumbuzi. Tafuta kwa alama za uainishaji, kwa sababu kila mwandishi huita kitu kile kile kwa jina lake. Ingia Espacenet au Google Patents, ni bure. Alama zako ni G07C 5/08 (kurekodi mwenendo wa gari), G06F 1/30 (la kufanya umeme ukikatika) na G11C 5/14 (ulishaji wa umeme kwenye chipu za kumbukumbu). Ukifikiria chipu za FRAM (kumbukumbu isiyopoteza data na inayoandika haraka), ongeza G11C 11/22. Kwanza unganisha mbili mbili: G07C 5/08 pamoja na G06F 1/30 ndipo penye majirani zako wa karibu.

Ukipata hati, angalia herufi iliyo mwisho wa namba. Kwa hati za Marekani, A1 ni maombi yaliyochapishwa tu, huenda hayakukubaliwa kamwe. B1 au B2 ndiyo hataza iliyotolewa. Kisha angalia kama ada za kila kipindi zimelipwa, kwani nyingi hufa mapema kwa mwenyewe kuacha kulipa. Kisha nchi. Hataza ya Marekani ambayo haikuombwa Kenya moja kwa moja wala kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mali za ubunifu lililoko Harare, kwa kuitaja Kenya, haina meno Mombasa. Itakuuma ukipeleka mzigo kule.

Mwisho soma dai la kwanza. Maelezo marefu na michoro acha kwanza. Likate dai vipande: "kihisi cha spidi", "chipu ya kumbukumbu isiyopoteza data", "sakiti inayopima volti ya kuingia", na kadhalika. Andika upande wa pili kama kifaa chako kinacho au hakinacho. Kikikosa kipande kimoja kabisa, na kisiwepo kingine kinachofanya kazi ile ile kwa njia ile ile, dai hilo limekupita. Dai fupi ndilo la kuogopwa, maana maneno machache hufunika vifaa vingi.

---

Fundi_MwembeTayari

Nakujibu la kwanza. Una makosa manne yaliyopandana, ndiyo maana kapasita ya 1000 µF haikutibu.

Kosa la kwanza ni kasi. ATmega328P inaruhusiwa 10 MHz kwa 2.7 V na 20 MHz kwa 4.5 V. Kwa 3.3 V kikomo ni kama 13. Wewe unaikimbiza 16, kwa hiyo hata kabla ya stata iko nje ya kipimo, na volti ikiteleza kidogo inatekeleza amri ambazo hukuziandika. Tarakimu zisizo na maana zinatoka hapo. Weka 8 MHz, na washa kinga ya volti ndogo kwa 2.7 V. 24LC256 inafanya kazi hadi 2.5 V, kwa hiyo kichwa kitalala kabla chipu haijaanza kubahatisha. Mpangilio huo usiugeuze.

Kosa la pili, kulishwa pamoja na modemu. GSM ikirusha inavuta hadi 2 A kwa vipande vya chini ya milisekunde moja. Volti ikishuka kwa stata, modemu inaimaliza kapasita yako kabla ya kichwa kujua lolote. Ipe modemu kishusha volti chake. Kichwa na chipu vipe regyuleta ndogo ya kawaida ya magari inayohimili 40 V na inayojilisha mkondo mdogo.

La tatu ni ukurasa. 24LC256 ina baiti 32,768 katika kurasa za baiti 64. Ukianza kuandika katikati ya ukurasa ukapita mwisho wake, chipu haiendi ukurasa unaofuata. Inarudi mwanzo wa ukurasa ule ule na kufuta yaliyokuwapo. Hizo ndizo rekodi zako za nyuma zilizoandikwa juu, na stata haihusiki hata kidogo. Rekodi za baiti 16 zinaingia 4 kamili kwa ukurasa, mradi uanze kwenye anwani inayogawika kwa 64.

La nne, hakuna anayekipa kichwa habari kwamba umeme unaondoka. Stata ikivuta, 12 V inaweza kushuka hadi 6 au 7 kwa makumi ya milisekunde, halafu inapanda ikitetemeka. Unahitaji onyo mapema, na onyo lichukuliwe kabla ya dayodi ya kuzuia umeme kurudi nyuma. Ukipima baada ya dayodi unapima kapasita yako mwenyewe, nayo itakuambia mambo shwari hadi dakika ya mwisho.

Mpangilio kutoka betri kuja ndani:

Fyuzi ya 1 A. Mahali hapo hapo toa tawi la kupimia, resista ya 68k kisha 10k kwenda chini. Katikati peleka kwenye pini ya kilinganishi cha kichwa, pamoja na kapasita ya 10 nF na dayodi pacha ya BAT54S ya kubana pini kati ya 0 na 3.3 V. Ukilinganisha na 1.2 V, onyo linalia betri ikifika kama 9.4 V. BAT54S usiiache. Ncha ya betri ikiachia alteneta ikiwa inachaji, laini inaweza kuruka kupita 80 V, na kwa mgawanyo huo pini ingepata 10 V.

Kisha dayodi ya 200 V, mfano ES2D. Nimeona watu wanaweka Schottky ya 40 V kwa kuwa inapoteza volti kidogo. Ni kweli inapoteza kidogo, lakini koili za gari zikikatwa zinatupa mapigo hasi ya 100 V na zaidi, nayo inatoboka.

Baada ya dayodi weka dayodi ya kubana ya 24 V, kubwa. SMBJ24A inabana kwenye 38.9 V lakini ni ya wati 600. Mruko wa alteneta unaweza kudumu mamia ya milisekunde, ukaikaanga. SM8S24A inabana volti ile ile na ina kifua. Kisha kapasita ya kushikilia, kisha regyuleta.

Hesabu ya kapasita. Onyo likilia, programu izime GPS, taa na kila kisicho lazima, ubaki na 20 mA. Kuandika ukurasa mmoja kwa I2C (laini ya waya mbili kati ya kichwa na chipu) ya 400 kHz: baiti 67 pamoja na anwani, kila moja biti 9, ni milisekunde 1.5. Ongeza 5 za chipu kujiandikia, jumla 6.5. Rekodi zako 40 ni kurasa 10, yaani 65. Kapasita inaanza kama 8.5 V (9.4 kutoa dayodi) na regyuleta inahitaji 4.5, kwa hiyo una 4 V za kutumia:

0.020 A × 0.065 s ÷ 4 V = 325 µF

Kapasita za elektroliti zinapungua 20% zikiwa mpya tu, na zaidi zikizeeka. Weka 1000 µF, 50 V, ya 105 °C. Ile ile unayo, ila sasa inalisha 20 mA badala ya modemu.

Ukitaka kuondoa zile milisekunde 5, tumia FRAM kama MB85RC256V. Ukubwa ule ule wa baiti 32,768, I2C ile ile, haina kungoja wala kurasa. Baiti 640 zinakwenda kwa milisekunde 15 hivi, na kapasita inayotakiwa ni 72 µF. Bei yake iko juu kuliko EEPROM, yaani chipu za aina ya 24LC256, hilo lijue.

Mawili madogo. Pini ya WP (ya kuzuia kuandika) ya 24LC256 ivutwe juu kwa resista, na programu iishushe inapoandika tu. Na kila kichwa kikiamka kitume mapigo 9 ya SCL (waya wa saa wa I2C) kabla ya jambo lingine, kwa sababu kikizima katikati ya kusoma, chipu inaweza kubaki imeishika SDA (waya wa data) chini na laini nzima ikaganda.

---

Kibokoni_Sakiti

Ahsanteni sana. La ukurasa limenifungua macho, kweli programu yangu inaanza popote.

Maswali mafupi. Kwa nini nisitumie ramu ya kawaida yenye betri ndogo? Je, EEPROM itachakaa lini? Na BintiHataza, mchoro sijauweka. Lakini nimeshasema "umbo la mshuko", je nimejiharibia?

---

BintiHataza

Hujajiharibia sana, ila saa imeanza kuhesabu. Sheria ya Kenya ya mali za viwanda ya mwaka 2001 inamsamehe mvumbuzi aliyetangaza mwenyewe, mradi aombe ndani ya miezi 12 tangu alipotangaza. Marekani wana mwaka mmoja pia. Ulaya hawasamehi, ukishatangaza kabla ya kuomba upya umekufa. Ulichoandika ni sentensi moja isiyomwezesha mtu kujenga, lakini mkaguzi anaweza kuitumia dhidi ya dai pana. Mchoro wenye thamani za resista na muda wa kupima ungekuwa kitu kingine kabisa. Hiyo sakiti ya Fundi hapo juu nayo imeshakuwa wazi, kwa hiyo itoe kichwani kama kitu cha kudai.

Hata bila uzi huu hungeipata. Kugundua umeme unakatika na kuokoa data kwenye chipu isiyopoteza ni jambo la miongo mingi, alama ya G06F 1/30 imejaa hayo. Ukiomba hivi:

"Kifaa cha kurekodi mwendo wa gari, chenye sakiti ya kupima volti na chipu ya kumbukumbu, ambacho huhifadhi data volti inaposhuka"

utarudishiwa na hati za zamani zikiwa zimeambatishwa. Dai lako lisimame pale ulipotatua tatizo ambalo wengine hawakulitatua. Kwa maelezo yako, hapo ni pale kifaa kinapoamua kama safari imekwisha au la. Kwa hiyo dai linaanza na vitu vinavyojulikana, kisha linageuka:

"...kwa sifa ya kwamba kidhibiti hupima [A] katika muda wa [B] tangu volti ishuke chini ya [C], na hufunga safari endapo tu [D]..."

A hadi D usinijibu hapa. Ziandike kwenye daftari zikiwa na masafa, siyo thamani moja. Ukidai "milisekunde 20", mwenzio atatumia 25 na kukupita ukimtazama. Dai "kati ya" hizi na hizi, kisha madai ya chini yake yabane taratibu hadi ile thamani unayoitumia. Lile pana likianguka, la chini linaweza kusimama. Na eleza kwa nini masafa hayo yanafanya kazi. Maelezo yasiyomwezesha fundi mwingine kukijenga kifaa yanaangusha maombi hata kama wazo ni jipya.

Njia zilizopo ni mbili. Hataza kamili inataka upya, hatua ya uvumbuzi na kutumika viwandani, na inadumu miaka 20 tangu kuomba. Ya pili ni cheti cha yutiliti modeli. Hakidai hatua ya uvumbuzi, upya na matumizi vinatosha, ila kinadumu miaka 10. Kwa kifaa cha namna yako mimi ningeanza na hicho. Chipu na modemu ulizotumia, kabla ya miaka 10 haijaisha zitakuwa zimeacha kutengenezwa.

Unapeleka KIPI, taasisi ya mali za viwanda ya Kenya, iliyoko South C, Nairobi. Kinachohitajika ni fomu ya maombi, maelezo, madai, michoro, muhtasari na ada. Mkazi wa Kenya anaweza kuomba mwenyewe bila wakala, ingawa madai yaliyoandikwa vibaya hayarekebishiki kwa kuongeza kitu kipya baadaye. Tangu siku hiyo una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukitumia tarehe ile ile. Ukipitia PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, unasogeza uamuzi wa nchi zipi hadi miezi 30. Maombi ya hataza huchapishwa baada ya miezi 18, na ombi la ukaguzi wa kina lazima uliwasilishe ndani ya miaka 3 la sivyo yanahesabiwa yameachwa. Hapo ndipo wengi wa kwetu wanapopotelea: wanalipa ada ya kwanza, wanakaa kungoja barua, miaka inapita.

Na kama umeajiriwa na kazi yako ni kubuni vifaa hivi, soma mkataba kwanza. Kilichobuniwa kwa kutekeleza kazi ya mwajiri ni chake, isipokuwa mkataba useme vingine.

---

Changamwe_Dizeli

Fundi, hesabu yako haina kosa, lakini umemhesabia mwenzako mzigo asiohitaji kuubeba. Kwa nini akusanye rekodi 40? Ukurasa unachukua 4. Aandike kila zinapofika 4, yaani kila sekunde 4, ukurasa kamili kwa mara moja. Umeme ukikatika, kilichobaki mkononi hakizidi ukurasa mmoja:

0.020 × 0.0065 ÷ 4 = 32.5 µF

Kapasita ya 100 µF inamtosha na chenji inabaki, na FRAM haina haja.

Kuhusu kuchakaa. 24LC256 imepimwa kwa maandiko 1,000,000. Ukiandika anwani moja kila sekunde, unaimaliza kwa siku 11 na nusu. Ndiyo maana ya kuzunguka. Chipu nzima ina nafasi 2,048, kwa hiyo mzunguko ni sekunde 2,048, dakika 34. Ukiandika rekodi moja moja, kila rekodi inaugusa ukurasa wote, kwa sababu chipu hiyo huuandika upya ukurasa mzima hata ukibadilisha baiti moja. Hapo ni mara 4 kwa mzunguko, miaka 16. Ukiandika ukurasa kamili ni mara 1, karibu miaka 65. Tuktuk yenyewe haifiki huko. Angalizo moja: usiweke kielekezi cha "niliishia wapi" kwenye anwani maalumu. Hiyo ndiyo itakayokufa kwanza. Kila rekodi ibebe namba yake ya mfululizo baiti 4, saa baiti 4, spidi 2, pini 1, volti 1, akiba 2, na CRC (tarakimu za kukagua kama rekodi ni nzima) baiti 2 mwisho. Kikiamka kisome chipu yote, robo tatu ya sekunde, kitafute namba kubwa yenye CRC sahihi.

Dakika 34 ni kidogo kwa kifaa cha matatu, lakini una modemu ya kupakulia. Mtandao ukipotea zaidi ya hapo, ongeza chipu. Pini tatu za anwani zinaruhusu 8 kwenye laini moja.

Ramu yenye betri: ramu ya Dennard inahifadhi chaji kwenye kapasita inayovuja, lazima ihuishwe yote ndani ya milisekunde 64, na joto likipita 85 °C muda huo unakatwa nusu. Haifai hapa. Ramu tuli inakaa na betri ndogo kwa miaka, ila kwetu betri ya duara kwenye kishikio chake inaota kutu ya kijani na kupoteza mguso. Chumvi ya pwani haina subira. Ndani ya deshibodi ya tuktuk hakuna tofauti na nje.

Kwa ajili hiyo hiyo: ubao ukishajaribiwa uoshe mabaki ya dawa ya kulehemu kwa spiriti, ukauke, upake rangi ya akriliki ya kulinda sakiti mara mbili, viunganishi ukiwa umevifunika kwa tepu. Ukipaka juu ya mabaki umefungia uchafu ndani. Waya wa ardhi usiufunge kwenye boliti ya bodi iliyo karibu. Bodi inashika kutu, mguso unakuwa wa ohmu kadhaa, na stata ikivuta "sifuri" yako inapanda kwa volti nzima. Upeleke hadi ncha hasi ya betri. Nusu ya malalamiko ya "spidi gavana imeharibika" ni boliti hiyo.

Ya klachi, kwa faida ya wasomaji: wazo la unga wa chuma lilifika barabarani. Subaru Justy ya CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) na Nissan March ya K11 ya CVT zina klachi ya unga na koili. Zile hutumia unga mkavu, bila mafuta. Zikianza kushtuka wakati wa kuondoka, kabla ya kulaumu giaboksi pima koili na brashi zinazoipelekea umeme.

---

BintiHataza

Mzee wa Changamwe, umemwokolea pesa na umenisaidia hoja. Ulichofanya sasa hivi, kupunguza rekodi 40 hadi 4, ndicho mkaguzi anachokiita jambo ambalo fundi wa kawaida angelifikia. Kwa hiyo Kibokoni, hilo nalo lisiingie kwenye madai.

---

Fundi_MwembeTayari

Nakubali, 4 inatosha. Ila 100 µF mimi ningeitia 220, tofauti ya bei ni ya peremende.

Kabla ya kufunga kwenye gari, ijaribu mezani. Chukua ubao mwingine wowote uendeshe relei inayokata 12 V kwa muda usiotabirika, kati ya sekunde 2 na 7, mara 1,000. Mota ya wipa iwe upande wa rekoda ya mguso wa relei, ili relei ikikata mota ibaki imeungana na laini ya rekoda na kuitupia mapigo yake. Ukiiweka upande wa betri, betri itayameza. Modemu iwe inatuma. Mwisho pakua chipu yote. Hesabu rekodi zenye CRC mbovu, kisha hesabu namba za mfululizo zilizoruka. Zote mbili ziwe 0. Zikiwa 1 au 2 usiseme ni bahati mbaya. Shika osiloskopu, njia moja kwenye pini ya onyo na nyingine kwenye kapasita, uone ni milisekunde ngapi zinapita toka onyo hadi 4.5 V. Zikiwa pungufu ya 20 kwa hiyo 220 µF, kuna kitu hakijazimwa, na mara nyingi ni taa ya GPS.

Halafu rudia jaribio ubao ukiwa umepashwa moto hadi 70 °C.